Mkono Nyuma ya Kiti

Pale Mandewa, katika Manispaa ya Singida, upepo hufika penye picha kabla ya wenye picha. Huvimbisha pazia, hupindua kola ya baba, humfunua bibi ushungi aliokwisha kuutengeneza mara tatu. Ndiyo maana mpiga picha mmoja wa mtaa huo, aliyeanza kazi enzi za filamu, hakutundika pazia lake nje. Alilipigilia ukutani ndani ya chumba kimoja chenye dirisha pana upande wa mashariki, na nje akaweka benchi la kungojea. Siku za Idi na Krismasi benchi hilo halikutosha.

Familia yenye watoto wadogo haina muda, na yeye alilijua hilo kuliko wazazi wenyewe. Subira ya mtoto wa miaka miwili ni kijiti cha kiberiti: kikishawashwa, kinakwenda. Kwa hiyo aliwapanga wakubwa kwanza, mtoto angali nje akichezea mchanga. Alianza na bibi. Bibi akishaketi, kila mmoja hujua mahali pake bila kuelekezwa: baba husimama nyuma, mkubwa wa watoto huegemea goti, wa pili hupenya katikati. Mdogo kabisa aliletwa mwisho, akapakatwa, na hapo kamera ilikuwa tayari imekwisha kupimwa.

Sharti lake lilikuwa moja. Hakuna aliyeruhusiwa kumwita mtoto isipokuwa yeye. Watu wasiozoea hudhani kwamba mtoto akiitwa na watu sita atatazama upesi zaidi. Kumbe hugeuka huku na huku, nao wale sita humwinamia, na picha ikitoka ni ya visogo na mashavu. "Nyinyi nitazameni mimi," alikuwa akiwaambia, "huyu niachieni." Kisha alipiga goti hadi macho yake yakalingana na ya mtoto, akatikisa shada la funguo mara moja tu, maana mara ya pili mtoto huzitaka funguo zenyewe. Filamu moja ilikuwa na picha 36, na kila moja ilikuwa fedha. Familia ilipata mbili. Ya tatu ilikuwa hasara.

Wapo waliotaka kupigwa kando ya Ziwa Singidani. Aliwafuata, lakini kwa kinyongo. Maji yale ya chumvi humeta mchana, yakamrudishia mtoto jua usoni, na mtoto akafumba macho. Wenye kukubali kuamka mapema, au kungoja alasiri vivuli vikirefuka, walipata picha nzuri. Wengi hawakukubali.

Ila kulikuwa na picha moja iliyopendwa kupita zote: mtoto mchanga peke yake kitini. Wazazi walitaka kumwona hivyo, ameketi kama mtu mzima, bila wa kumshika. Mtoto wa miezi minane haketi hivyo. Basi kanga ilitandikwa juu ya kiti, ikaangushwa hadi sakafuni, na mama akachuchumaa nyuma yake, mkono ameupenyeza chini ya nguo, kiganja kikiukinga mgongo wa mwanawe.

Hila hii haikuzaliwa Mandewa. Katika karne ya 19, huko Ulaya na Marekani, akina mama walifunikwa shuka gubigubi wakafanywa kama sehemu ya kiti, watoto wamewapakata. Kule sababu ilikuwa uzito wa vifaa: mwanga ulihitaji sekunde nyingi kuingia, na mtoto akitikisika hugeuka ukungu. Mandewa kamera ilimaliza kazi kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Hapa mama hakufichwa na kamera. Alifichwa na tamaa ya kumwona mtoto amekwisha kusimama kwa nguvu zake mwenyewe, tamaa ambayo mama huyo alikuwa nayo kuliko wote.

Na palipobaki alama yake, kidole au ukingo wa kilemba, mpiga picha alielekeza ukatwe wakati wa kusafisha. Alijivunia usafi huo.

Vipande vya filamu, vile ambavyo watu huviita negativu, hawakupewa wateja. Alivitia katika bahasha, akaandika sikukuu na mwaka, akavipanga katika mikebe ya biskuti. Wenye studio wengi walitunza hivyo. Wasomaji wa Unguja wataikumbuka Capital Art Studio, aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930 na ambayo mwanawe Rohit aliiendeleza; hazina ya picha za kale iliyokusanyika mle ilitokana na tabia hiyohiyo ya kutotupa. Mikebe ya Mandewa haikupata kutazamwa na wageni. Ilikaa juu ya kabati, ikala vumbi, hata kamera za filamu zikatoweka mikononi mwa watu.

Siku moja akaja binti wa miaka ishirini hivi, amefunga fremu ndogo ndani ya mtandio.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Kioo kimevunjika?"

Kioo kilikuwa kizima. Ndani yake alikuwamo yeye mwenyewe, gauni jeupe, soksi, macho yameduwaa. Mama yake alifariki kabla binti hajafikia umri wa kuishika sura moyoni. Nyumbani picha za watoto zilikuwa nyingi. Ya mama haikuwapo hata moja. Alikuwa yeye aliyevisha, aliyepaka mafuta, aliyesogea pembeni.

"Siku hii mama alikuwapo?" akauliza.

Mzee aliisogeza picha dirishani. Nyuma ya mgongo wa mtoto, kanga ilikuwa imetuna mahali ambapo kiti hakina kitu cha kutuna.

"Alikuwapo," akasema. "Bila yeye usingeketi."

Waliteremsha mikebe. Bahasha ya Krismasi ya mwaka 2003 ilipatikana karibu na adhuhuri, na mzee akakiinua kipande kile kwenye mwanga. Katika negativu mambo hugeuka: gauni jeupe lilikuwa giza, na mkono mweusi wa mama uling'aa kama mshumaa. Haukuwa kidole tu. Ulionekana hadi kwenye kifundo, na kifundoni palikuwa na uzi uliofungwa. Juu ya egemeo la kiti palichomoza paji la uso na nyusi moja. Chini, pindo la kanga lilionyesha neno moja la jina lake, MOLA, mengine yamemezwa na mikunjo. Mtu wa pwani angeanza papo hapo kulikamilisha kwa kila jina la kanga alijualo. Binti hakujaribu. Alikuwa akiitazama ile nyusi.

Mashine ya mjini iliyokuwa ikisafisha filamu ilikwisha kufa zamani. Mzee alikilaza kipande juu ya kioo cha simu kilichowashwa cheupe, akakipiga picha kwa kamera mpya, kisha akazigeuza rangi katika kompyuta. Safari hii hakukata kitu. Binti aliuliza kama mkono na paji vingeweza kukuzwa peke yake. Aliukuza kwenye kompyuta ili aone: palibaki chembechembe tu za rangi, kama mchanga. Wakairudisha picha nzima, na kilichohitajika ikawa fremu pana zaidi. Mzee alidai bei ya fremu.

Sasa kila nyumba ina simu, na simu moja hubeba picha za mtoto kwa mamia. Lakini mara nyingi anayeishika simu ni mama, kwa hiyo bado hayumo. Na simu ikitumbukia ndooni hakuna mkebe wa kuteremsha.

Jumapili iliyofuata iliingia familia nyingine, mtoto wa miezi saba, kiti kimekwisha kutandikwa. Mama alichuchumaa nyuma yake bila kuambiwa.

"Mama, njoo mbele umpakate," akasema mzee.

"Mimi sikujiandaa, baba. Nywele zenyewe hizi. Leo ni siku ya mtoto."

Mzee aliiweka kamera chini, akatoa kwenye droo kioo kidogo na chanuo, akampa. Kisha akatoka na mtoto begani kwenda kumwonyesha mbuzi wa jirani, ili asichoke kungoja.