Jumlisha au Toa

Kiswahili kina neno moja zuri ambalo sisi wapenzi wa fasihi tumelichosha: pambizo. Ni ile sehemu tupu ya ukurasa, pembeni mwa maandishi, ambako mwalimu huweka alama nyekundu na mwanafunzi aliyechoka huchora maua. Wahakiki walilichukua wakalifanya sitiari, na sasa kila tahakiki ina wahusika wa pambizoni, wanawake waliosukumwa pambizoni na lugha zilizoachwa pambizoni. Mimi kazi yangu ya mchana imenirudisha kwenye pambizo la kawaida kabisa, lile la ukurasa. Nasoma majedwali ya takwimu za makazi. Katika majedwali hayo kuna safu ya kulia ambayo watu wengi huiruka. Ina alama ya kujumlisha iliyoipanda alama ya kutoa, kisha nambari: ±70, ±95. Redioni, matokeo ya kura za maoni yakisomwa, huitwa kiwango cha makosa. Nikwambie mapema, msomaji: ndani ya safu hiyo wanaishi watu.

Nimezaliwa Kasulu, mkoani Kigoma, na sasa naishi Kentucky, Marekani. Sisi tuliokulia Tanzania tukisikia neno “sensa” tunajua maana yake ni kuhesabiwa, mmoja mmoja. Mwaka 2022 nchi nzima iliambiwa ikumbuke nani alilala wapi usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, karani wa sensa akapita na kishikwambi chake, na mwishoni ikatangazwa hesabu ya watu 61,741,120. Angalia hao 120 wa mwisho. Nchi yenye watu zaidi ya milioni sitini, na bado hakuna aliyefikiria kuwakata hao ili nambari ipendeze.

Marekani nayo ina sensa ya namna hiyo kila baada ya miaka kumi, lakini inauliza mambo machache sana. Ukitaka kujua watu wanazungumza lugha gani nyumbani, wanapata kipato gani, au wanakwendaje kazini, unategemea utafiti mwingine uitwao American Community Survey, ambao kwa ukubwa wake kamili ulianza mwaka 2005 na kuchukua nafasi ya ile fomu ndefu ya sensa za zamani. Huo hauhesabu kila mtu. Unachagua takriban anwani milioni 3.5 kwa mwaka, unawauliza wenyeji wake, kisha majibu yao yanasimama badala ya majirani ambao hawakuulizwa. Kwa mji mkubwa majibu ya mwaka mmoja yanatosha. Kwa eneo lenye watu chini ya 65,000 inabidi kukusanya majibu ya miaka mitano pamoja. Haba na haba hujaza kibaba, ila kibaba hiki hakijai. Kinakuja na maelezo kwamba kimepungua au kimezidi kiasi fulani.

Sasa tushuke mtaani. Kaunti hugawanywa katika vipande vidogo vya kitakwimu, kila kimoja kikiwa na watu kama 4,000 hivi. Tuseme katika kipande kimoja kuna kaya tano za Waswahili, kila moja ina watu tisa, maana familia zetu si za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Tuseme tena kwamba kila kaya inayojibu inabeba uzito wa kaya kumi na mbili. Ikiangukiwa na bahati nasibu kaya moja kati ya hizo tano, jedwali litasema kuna wasemaji 108. Zikiangukiwa mbili, litasema 216. Isipoangukiwa hata moja, litasema sufuri. Watu wenyewe ni wale wale 45, wanapika ugali ule ule, watoto wanapanda basi lile lile la shule. Kilichobadilika ni kura tu. Watu wanaoishi wengi katika nyumba moja, na nyumba zao zikiwa zimesogeleana, ndio takwimu huwakosa au huwazidisha kwa kishindo.

Uzuri ni kwamba jedwali halifichi jambo hili. Ndiyo kazi ya ile safu ya kulia. Ikisema 60 ±70, inakwambia kwamba kama utafiti huo ungerudiwa tena na tena kwa namna ile ile, vipimo tisa katika kila kumi vya aina hiyo vingekumbatia idadi ya kweli. Yaani idadi hiyo inaweza kuwa 130. Inaweza pia kuwa karibu na hakuna mtu. Hata penye sufuri wameweka pambizo. Maana yake ni kwamba hawajasema hakuna mtu. Wamesema waliowauliza hawakuwa na mtu wa aina hiyo.

Kazi yangu ni kuviunganisha vipande. Chukua vinne vya mfano: 60 ±70, 110 ±95, 0 ±12, na 85 ±80. Makadirio unayajumlisha kama kawaida, unapata 255. Pambizo halijumlishwi hivyo. Kila moja unaizidisha kwa yenyewe, unajumlisha majibu, kisha unatafuta kipeo cha pili. Badala ya 257 unapata 143. Makosa ya huku na ya kule hupunguzana, kwa sababu si rahisi bahati mbaya ikaelekea upande mmoja katika vipande vyote vinne. Hivyo basi nina 255 ±143, jambo la kutamkika angalau. Lakini nimelipa. Sasa najua zaidi kidogo kuhusu eneo kubwa, na sijui tena ni mtaa upi. Kila siku kazini ni biashara hiyo: unanunua uhakika kwa kuuza anwani.

Kuna jambo ambalo pambizo halilijui kabisa. Fomu inauliza kama mtu anazungumza lugha isiyo Kiingereza nyumbani, na kama ndiyo, lugha gani. Nafasi ni ya lugha moja. Mwambie mama wa Fizi ajaze hapo. Na mamake anaongea Kibembe, na watoto Kiswahili, na kwa kuwa kasoma, akiona fomu ya serikali mkono wake unaandika Kifaransa. Wote watatu ni yeye. Kisha, akishaandika Kiswahili, jibu lake linatiwa kwenye kapu liitwalo “Kiswahili au lugha nyingine za Afrika ya Kati, Mashariki na Kusini”. Hilo ndilo kapu la majedwali ya ngazi za juu tangu mwaka 2016. Mkishuka hadi mtaani kapu linayeyuka, na jina la lugha yetu halipo tena. Tumo kwenye mstari wa mwisho: “Lugha nyingine na zisizotajwa”. Lugha ya mamilioni ya watu, inayofundishwa vyuo vikuu hapa hapa Marekani, mtaani kwangu ni “nyingine”.

Mara ya kwanza nilipomweleza jambo hili mzee mmoja wa kanisa letu, nilitarajia achukie kama nilivyochukia mimi. Mzee huyu alikimbia Kongo, akaishi miaka mingi Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 wilayani kwetu Kasulu. Tukikutana huwa tunataniana nani mwenyeji wa nani. Alinisikiliza, akacheka kidogo.

“Mwalimu, sisi kambini tulihesabiwa mpaka tukachoka. Unahesabiwa upate unga, unahesabiwa upate mahema, unahesabiwa waone kama bado uko. Na kule nyumbani, kabla hatujakimbia, kuna watu walipita na orodha pia. Wewe unataka jina la lugha yangu liandikwe mtaa kwa mtaa?”

“Si jina lako, Mzee. Ni lugha tu.”

“Mtaa wetu kuna nyumba ngapi zinaongea hiyo lugha?”

Nikanyamaza. Hilo ndilo hasa jibu ambalo watakwimu wenyewe hutoa wanapoficha majedwali ya mitaani: kundi likiwa dogo mno, kulitaja ni kulionyesha kwa kidole. Nilikuwa nimeona kusahauliwa mahali ambapo mzee aliona pazia. Mpaka leo naona tulikuwa sahihi wote wawili, na ndiyo maana sipendi tena sentensi nyepesi zinazosema kuonekana ni ukombozi. Inategemea anayekuona anataka nini.

Lakini kuna siku pazia linakuwa na gharama. Mwaka 2000 rais wa Marekani alitoa amri kwamba mashirika ya serikali, na wanaopokea fedha zake, wawafikie watu wasiojua Kiingereza vizuri. Miongozo iliyofuata ikaweka kipimo: kundi la lugha likifika watu 1,000, au asilimia 5 ya wanaohudumiwa, kutegemea ipi ni ndogo, basi taasisi ikitafsiri nyaraka zake muhimu, hilo lilihesabiwa kuwa ushahidi wenye nguvu kwamba imetimiza wajibu. Wanasheria huita kinga hiyo bandari salama, na Mbongo yeyote akilisikia jina hilo lazima atabasamu. Amri yenyewe ilifutwa Machi 2025, ila kikao ninachotaka kukisimulia kilifanyika kabla ya hapo.

Taasisi moja ya huduma, ambayo haina haja ya kutajwa, ilitaka kujua kama itafsiri fomu zake kwa Kiswahili. Hizi ni fomu ambazo mtu husaini kabla mtoto wake hajatibiwa. Niliombwa nambari. Nambari halisi naziacha kwenye faili. Kwa mazungumzo yetu tuseme zilikuwa 870 ±260. Kabla ya kikao nilipigiwa simu mbili. Wa kwanza, mtu wa jumuiya yetu, aliniambia kwa sauti ya kindugu, “Kaka, si unaweza kusema inafika 1,100? Si imo humo humo?” Ilikuwamo kweli. Wa pili, mtu wa bajeti, alisema kwa upole ule ule kwamba angefurahi kupata nambari moja tu safi, bila hayo mapambo ya pembeni. Nambari moja safi ingekuwa 870, na 870 haifiki 1,000. Wote wawili walitaka kitu kimoja: pambizo likatwe, ila kila mmoja kwa mkasi wake.

Nikaenda na nambari zote. Nilisema makadirio ni 870, lakini data hizi zinaafikiana na idadi yoyote kati ya 610 na 1,130, na mstari wa 1,000 unapita katikati ya kile tusichokijua. Mmoja mezani akasema, “Basi haijathibitika kwamba wanafika.” Nikajibu kwamba haijathibitika pia kwamba hawafiki. Akauliza, “Sasa data inasema tufanye nini?”

Hapo ndipo nilipoelewa safu ya kulia ni ya nini. Data haikuwa na la kusema. Ilikuwa imefika mwisho wa maneno yake, na kwa uungwana ikatuambia hivyo. Kilichobaki kilikuwa swali la watu: kati ya makosa mawili, tuko tayari kulifanya lipi? Tukitafsiri na wakawa 700, tumepoteza ada ya mfasiri na rimu kadhaa za karatasi. Tusipotafsiri na wakawa 1,100, kuna mama atasaini kitu asichokijua juu ya mwili wa mwanawe. Pambizo halikuchagua. Lilituondolea tu mahali pa kujificha, ili yeyote atakayesema hapana asiseme kwamba ni nambari iliyosema.

Walibishana saa nzima. Mtu wa bajeti alileta hoja nzuri: pana lugha nyingine nne karibu na mstari huo huo, na ukimfungulia mmoja utamfungia nani? Sikuwa na jibu la kitakwimu, na nadhani halipo. Mwishowe walikubaliana kutafsiri fomu tatu kati ya kumi na moja, zile za idhini ya matibabu, na kwa zilizobaki wamlipe mkalimani wa simu. Jumuiya yetu ilinung’unika kwamba tumepewa makombo. Mtu wa bajeti alinung’unika kwamba ameingizwa mkenge. Mimi nilipewa kazi ya kusahihisha tafsiri.

Nikakaa nayo jioni mbili, nikibishana na mzee kama tuandike “idhini” au “ruhusa”. Yeye alitaka ruhusa, kwa kuwa idhini, alisema, ni neno la watu wa redio. Tukaandika ruhusa. Kwenye pambizo la nakala yake ya kwanza ameacha maandishi madogo kwa penseli, maneno ya Kibembe ambayo hakutaka kunifasiria.