Diwani wa Mfereji

Baba yangu aligawa kazi za wanasiasa kwa mtindo wake: rais ni wa redioni, mbunge ni wa barabara, diwani ni wa mfereji. Nyumba za huku kwetu Kariokor na Ziwani zilikuwa za baraza la jiji, kwa hiyo choo kikiziba, paa likivuja au jina lako likirukwa kwenye orodha ya wanaongoja nyumba, ulimwendea diwani. Kabila lake lilijulikana, hata likafanyiwa mzaha mbele yake. Ila swali lilikuwa kama bomba limetengenezwa.

Baba alikuwa Mluhya aliyeletwa Nairobi na kazi ya reli. Hakuchoka kusimulia uchaguzi wa 1961, Tom Mboya, Mjaluo aliyewahi kukaa Ziwani, alipogombea Nairobi Mashariki dhidi ya Munyua Waiyaki. Wapiga kura wengi walikuwa Wakikuyu, na Waiyaki alikuwa mwenzao, lakini Mboya alimzidi mbali sana. Hapo baba angenyamaza kidogo, maana kila mtu alijua yaliyofuata: risasi iliyomuua Mboya mjini Julai 5, 1969, na makabila hayo mawili ambayo tangu siku hiyo hayakuaminiana tena.

Mimi mwenyewe nilikulia katika miaka isiyo na diwani. Mwaka 1983 serikali ilivunja baraza la jiji na kuweka tume iliyoteuliwa, ikakaa mpaka 1992. Taka zilirundikana, maji yakaja usiku wa manane, na hapakuwa na wa kumlaumu isipokuwa karani wa dirishani. Kura niliyoiona utotoni ni ile ya mlolongo wa 1988, watu wamejipanga nyuma ya wagombea juani, kila mmoja akimwona jirani yake amesimama wapi.

Kisha maandamano ya Saba Saba ya 1990 ya kudai vyama vingi, pale Kamukunji, karibu na kwetu kiasi kwamba moshi wa vitoa machozi uliingia hadi jikoni. Tukashinda. Desemba 29, 1992 tukapiga kura ya vyama vingi, na madiwani wakarudi. Lakini FORD, harakati iliyotupigania, ilikuwa imeshapasuka: FORD-Asili ya Matiba, Mkikuyu, na FORD-Kenya ya Jaramogi, Mjaluo. Tulirudishiwa diwani siku ileile tuliyoletewa vyama vyenye kabila, na tangu hapo sijaweza kuvitenganisha viwili hivyo.

Kinyozi wetu karibu na soko alibandika picha ya Matiba ukutani. Wateja Wajaluo wakapungua. Akaibandua, akaweka ya Jaramogi upande mmoja na ya Matiba upande wa pili, akawaudhi wote. Mwishowe akaweka Arsenal. Gor Mahia na AFC Leopards hazikuwezekana, hizo nazo zina makabila.

Mwaka 2005 tulifika mahali pa kuchekesha. Kura ya maoni ya katiba, Novemba 21, ilipewa matunda: ndizi kwa ndiyo, chungwa kwa hapana. Mama mboga wa chini ya ghorofa yetu aliuza yote mawili, na kila asubuhi alivumilia mizaha ya watu waliokataa kununua tunda la upande wa pili. Tulicheka sana. Miaka miwili baadaye, baada ya kura ya Desemba 27, 2007, nyumba za Mathare zilikuwa zinateketea, na nchi nzima ikapoteza watu zaidi ya 1,100. Jirani mmoja wa ghorofa yetu aliondoka alfajiri na godoro kichwani, bila kuaga.

Katika uchaguzi huohuo, jimbo la Starehe lilimchagua Margaret Wanjiru, Mkikuyu, kwa tiketi ya ODM, chama cha Raila, Mjaluo. Wengine walisema basi ukabila umekufa. Mimi naona ulihama tu: ulitoka kwenye uso wa mgombea ukaingia kwenye tiketi.

Katiba ya 2010 ikaleta kaunti, na Machi 2013 tukakabidhiwa karatasi sita. Diwani akawa mwakilishi wadi, mheshimiwa kamili. Wapiga debe walituomba tupige suti, yaani chama kimoja kuanzia rais mpaka wadi, na wengi tukapiga. Ugavana nao ukawa hesabu ya safu, gavana na naibu wake: Kidero Mjaluo na Mueke Mkamba, kisha Sonko Mkamba na Igathe Mkikuyu, kisha Sakaja Mluhya na Muchiri Mkikuyu. Sisemi ni mbaya kabisa. Mji wa makabila yote usipogawana viti utagawana mawe. Lakini hesabu hiyo ikishapigwa juu, huku chini hamna anayemuuliza mtu wa wadi chochote, ila mia mbili za kampeni na fomu ya basari.

Na yapo mengi ya kuulizwa. Mitaa ya zamani ya kaunti imo kwenye mipango ya kubomolewa ijengwe maghorofa. Pangani ilishabomolewa, na Ziwani imetajwa. Nani atapewa ufunguo, kwa kodi gani, wapangaji watahamia wapi wakingoja: hayo yanapita katika bunge la kaunti pale City Hall, mikononi mwa mtu tunayemchagua kwa kufuata picha ya juu. Jirani yangu, Agosti 10, 2027 piga hizo tano utakavyo. Lakini kabla ya ile ya wadi, mwite mgombea wako hapa sokoni, umnunulie hata nyama, umuulize kuhusu nyumba.