Njia ya Reli katika Chumba cha Majembe

Chumba tunachotaka kuwasimulia habari zake ni kidogo sana. Urefu wake ni meta 3, na upana wake meta 2 na sentimeta 40. Kina dirisha moja upande wa mashariki na mlango mmoja upande wa magharibi. Kwa miaka mingi kiliwekwa majembe ya shule, ndoo, na madawati yaliyovunjika miguu, na baada ya mavuno magunia ya mahindi ya uji wa watoto. Sisi, walimu wawili wa shule moja ya hapa Bariadi, tulikiomba kwa mwalimu mkuu ili tutengeneze ndani yake njia ya reli. Alicheka, akauliza kama abiria watakata tikiti dirishani. Kisha akatukubalia kwa sharti moja: mahindi yakija, yapate mahali pake.

Sababu ya ombi letu ni hii. Siku moja tulikuwa tukifundisha habari za usafirishaji, tukauliza ni nani aliyepata kuliona gari la moshi. Katika darasa zima walinyosha mikono watoto watatu, na mmoja wao aliliona katika simu ya mjomba wake. Wala si kwamba mkoa wetu wa Simiyu hauna reli. Ukitoka Bariadi ukapita Maswa, utafika Malampaka, na hapo pana stesheni katika njia ile itokayo Tabora kwenda Mwanza. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Na tawi la Mwanza lilikwisha mwaka 1928. Pamba nyingi ya Usukuma imepita juu ya njia hiyo. Lakini mtoto wa Bariadi huiona pamba ikipakiwa katika lori, na lori likiisha kupita kona, kwake pamba imekwisha safari.

Basi rafiki yetu mmoja aliyekuwa akisoma Ulaya alituletea sanduku. Ndani yake mlikuwa na injini ndogo iendayo kwa umeme wa volti 12, mabehewa manne ya mizigo, na vipande vya reli, vingine vimenyoka na vingine vimepinda. Kila kitu kilikuwa kimefanywa kwa kipimo cha moja kwa 87, yaani kitu cha kweli chenye urefu wa meta 87 hapo kina urefu wa meta 1. Sisi tulifurahi kama watoto, tukaketi usiku ule ule kuchora ramani.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Njia ya Tabora mpaka Mwanza ina urefu wa kilomita kama 380. Tuliwapa wanafunzi wagawanye kwa 87, wakapata zaidi ya kilomita 4. Kwa hiyo hata tukipunguza dunia mara 87, reli yetu ingetoka chumbani, ikavuka uwanja wa mpira, ikaenda zake. Kona nazo zilikuwa vivyo hivyo. Kona ya reli ya kweli yenye nusu kipenyo cha meta 300, ukiigawanya, inataka meta 3 na nusu, na chumba chote hakina kiasi hicho. Vile vipande vilivyopinda vya sandukuni vina nusu kipenyo cha sentimeta 36 tu. Injini ya kweli ikitiwa katika kona ya namna hiyo ingeanguka. Tukafahamu kwamba kazi yetu si kuipunguza nchi, bali kuchagua cha kuacha.

Ramani yetu ya kwanza ilikuwa meza kubwa katikati ya chumba, na njia ya mviringo juu yake, gari lizunguke bila kukoma. Tuliipenda sana. Tulipoichora kwa chokaa sakafuni tukaona mambo mawili. Kwanza, mkono wa mtu mzima haufiki mbali zaidi ya sentimeta 75 hivi, na gari likianguka katikati ya meza pana, nani atalinyanyua? Pili, watoto hawangepata pa kusimama.

Ramani ya pili ilikuwa rafu nyembamba za kufuata kuta tatu, watu wasimame katikati. Ukuta wa kushoto uwe Malampaka, chini ya dirisha njia ipinde, na ukuta wa kulia uwe Mwanza na ziwa. Hii ilikuwa nzuri kweli. Tulinunua mbao, tukamwita seremala, naye aliposimama mlangoni akatuuliza, "Walimu, na mlango huu utafunguka wapi?" Tulikuwa tumepima chumba mara nne, tena mlango ukiwa wazi nyuma yetu, wala hatukukumbuka kwamba hufunguka kwa ndani! Ubao wake wa sentimeta 80 ulikuwa ukilala juu ya ukuta wa kushoto, mahali pale pale tulipoiweka nusu ya stesheni. Tukasema ugeuzwe, ufunguke kwa nje. Mwalimu mkuu akakataa, na kwa haki: mlango wa stoo ukifunguka nje, bawaba zake hukaa nje, na mwizi huzing'oa bila kugusa kufuli.

Tulipiga hesabu tena kwa huzuni. Katika meta 3 za ukuta, mlango unakula sentimeta 80 na kona ya dirishani sentimeta 45. Malampaka ikabakiwa na meta 1 na sentimeta 75. Tukaona tuondoe ile njia ya pili ya stesheni, ambamo gari moja hungojea jingine lipite, ili mabehewa yote manne yapate nafasi.

Karibu na shule anakaa mzee mmoja ambaye alikuwa mtu wa genge, wale watunzao njia: kukaza misumari, kujaza kokoto, kubadili mataruma yaliyochakaa. Siku hizi macho yake yamefanya ukungu, na mjukuu wake humwongoza. Alisikia habari za reli ya chumbani, akaja asubuhi. Tukamwamkia, "Mwangaluka, babu," naye akaitika, akaomba aelezwe ramani. Tulipofika kwenye njia ya kupishana tuliyoifuta, akatikisa kichwa.

"Wanangu," alisema, "njia ni moja. Gari la Mwanza na gari la Tabora yote yanapita juu yake. Bila mahali pa kungojeana, hiyo si reli. Ondoeni behewa, msiondoe njia ya kupishana."

Tukabishana naye kidogo kwa adabu. Lakini alikuwa amesema kweli. Katika njia moja, gari haliondoki stesheni mpaka stesheni ya mbele itoe idhini, na gari lililofika kwanza hukaa likingoja. Kazi yote ya stesheni ndogo iko hapo. Mviringo wetu wa kwanza, uliotupendeza kwa sababu gari halisimami, ulikuwa umekosa jambo lenyewe. Basi tuliacha behewa moja sandukuni. Injini na mabehewa matatu yanatosha katika njia ya kupishana yenye urefu wa meta 1, hata zikabaki sentimeta kadhaa.

Ndiye aliyetupa pia kimo cha rafu. Alisimama, akakunja kiwiko, akasema hapo ndipo mkono wake unapofanya kazi vizuri. Tukapima, ikawa sentimeta 115 toka sakafuni. Gunia la mahindi likisimama linaingia chini yake bila taabu. Hivyo sharti la mwalimu mkuu likatimia pasipo sisi kulifikiri, na watoto wafupi husimama juu ya matofali.

Rafu zikaisha, tukatandika reli za sandukuni, tukamwita mzee. Alipitisha kidole gumba na cha shahada juu ya reli mbili, akarudia, akanyamaza. Halafu akasema, "Hii si yangu. Hii ni pana."

Tulishangaa sana, maana tofauti ni ndogo kuliko upana wa punje ya mahindi. Tukachukua rula. Upana wa reli za sandukuni ni milimeta 16 na nusu; ukizidisha mara 87 unapata milimeta 1435, na huo ndio upana wa reli mpya ya kisasa, ile ambayo abiria walianza kuipanda Dar es Salaam mpaka Morogoro mwezi wa Juni 2024 na mpaka Dodoma mwezi wa Julai mwaka ule ule. Kipande chake cha Mwanza mpaka Isaka, chenye kilomita 341, kiliwekewa jiwe la msingi mwaka 2021, nacho kinapita Malampaka vilevile. Lakini reli ya mzee ina upana wa meta 1 kamili. Kwa kipimo chetu ilipaswa kuwa milimeta 11 na nusu. Miezi miwili tulikuwa tukimjengea reli isiyokuwa yake, na vidole vyake viliona yasiyoonwa na macho yetu manne.

Hapo sisi wenyewe tulitofautiana. Mmoja wetu alisema tuiache hiyo hiyo, kwa kuwa ndiyo watoto watakayoipanda. Mwenzake alisema hatuwezi kumwita mtu stesheni kwake tukamwonyesha stesheni ya watu wengine. Tulikaa siku tatu bila kushika nyundo. Mwisho tukaweka zote mbili. Nyembamba tuliifanya kwa spoki za baiskeli mbovu, na mataruma yake ni njiti za kiberiti zilizokatwa nusu. Injini haipiti juu yake. Wanafunzi wa darasa la sita walitengeneza behewa la bati la sadini na magurudumu ya vifungo vya shati, nalo husukumwa kwa kidole. Kati ya reli hiyo na ukuta zilibaki sentimeta 4.

Mzee alikuja tena, akaipapasa nyembamba kutoka mwanzo hata mwisho, taratibu, kama mtu akaguaye njia baada ya mvua. Safari hii hakusema ni pana. Akaligusa jengo la stesheni, tangi la maji, marobota ya pamba tuliyoyafanya kwa pamba yenyewe. Kisha akauliza, "Na nyumba za genge ziko wapi?"

Hatukuziweka. Hazikuwamo katika ramani ya kwanza, wala ya pili, wala hii. Tukamweleza habari ya zile sentimeta 4. Mjukuu wake akasema nyumba nusu itaingia: paa nusu na ukuta wa mbele, nyuma ibandikwe ukutani, atazamaye kwa mbele hatajua. Akazikata siku ile ile kwa maboksi ya viberiti, nyumba tano, akazibandika kwa gundi. Mzee akazigusa moja moja, akarudi kwenye ya tatu.

"Huyu mlango," alisema, "mmeuelekeza Mwanza. Wangu ulitazama reli."

Tukaibandua kwa kisu gundi ikiwa bado mbichi, tukakata mlango mwingine.