Umeme Wapita Juu Yetu

Hatusemi kuwa umeme ni kitu kibaya. Haya wenyewe tunayaandika kwa taa yake. Lakini tumesoma habari za New Hampshire, huko Marekani, tukalikumbuka jambo letu.

Mwaka 2010 ilitangazwa huko njia ya nyaya kubwa, maili 192, ya kuleta umeme wa maji kutoka Quebec, nchi ya Kanada. Njia ilikuwa ipite katika milima na misitu ya wenyeji, na umeme wenyewe ulikusudiwa zaidi watu wa kusini yao, hasa Massachusetts. Wenyeji walipolalamika wakaambiwa maili 60 zitafukiwa chini. Na zilizobaki je? Wako wenye mashamba waliotajiwa bei kubwa wakakataa katakata kuuza. Tarehe 1 Februari 2018 kamati ya jimbo, watu saba kwa kauli moja, ikalikataa ombi lile. Na mwaka 2019 mahkama kuu ya jimbo ikaithibitisha hukumu hiyo.

Sisi tulifanyaje? Nyaya zilipotaka kupita katika shamba alilotuachia marehemu baba, tulitia sahihi siku ile ile, kwa kuona fedha. Mama hatukumshauri, naye ana thumuni yake humo! Alipoikuta minazi imelala chini, aliuliza neno moja tu: "Je, na kwetu taa zitawaka?"

Hazijawaka. Fedha ile tulikwisha kuila zamani, na fungu la mama bado hatujamlipa.