Maana ya Neno "Mwadhama"

Kardinali anapotajwa husemwa "Mwadhama" kwa Kiswahili, na kwa Kifaransa "Éminence". Wengi hudhani ni neno la heshima tu. Basi tulifungue kidogo tuone lina nini ndani.

Neno la Kifaransa latoka katika Kilatini, eminentia. Maana yake ni mahali palipotokeza juu ya nchi, kama vichuguu vikubwa vya Katanga vinavyoonekana toka mbali. Mwaka 1630 Papa Urbano VIII aliamuru makardinali waitwe hivyo. Katika nyakati zetu Mwafrika mweusi wa kwanza kupewa cheo hicho ni Laurean Rugambwa wa Tanganyika, mwaka 1960. Mkongo wa kwanza ni Joseph Malula wa Kinshasa, mwaka 1969.

Neno "mwadhama" lina asili ya Kiarabu. Latokana na "adhama", yaani ukuu, na ndugu yake ni "kuadhimisha". Tunaposema Padri anaadhimisha Misa, twatumia shina lilo hilo. Na ukuu unaotangazwa altareni ni wa nani? Ni wa Mungu, si wa Padri.

Nasi tunalo neno la mababu: "mkuu". Kwa Kiluba ni mukulu, yaani mzee. Ni neno moja, ila Kiswahili kimeangusha "l". Mkuu ni mtu aliyekomaa. Hata nguo iliyotumika mpaka ikachakaa huitwa kuukuu.

Twasema haya kwa kuwa ukubwa unagombewa hata katika parokia zetu. Wako wanaonuna wasipotajwa kwa cheo, na wako wanaokimbilia viti vya mbele, huku mzee aliyewafundisha Ishara ya Msalaba amesimama mlangoni. Wana wa Zebedayo nao walitaka viti vya kuume na kushoto. Bwana wetu Yesu Kristu akawajibu kwamba mkuu ni yule anayewatumikia wengine.

Kichuguu hakijiinui chenyewe. Wadudu wadogo hukijenga punje kwa punje, wala hatuwaoni. Vivyo hivyo mwenye cheo ameinuliwa na sala na jasho la wadogo.

Basi, ndugu, Dominika ijayo tutazame mlangoni. Tukimwona mukulu amesimama, tuondoke kitini, tumketishe.