Mgeni Mezani kwa Wachina

Wahenga walinena, "Ukenda kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho." Neno hilo twalifundisha watoto darasani kila mwaka, lakini maana yake hatukuijua sawasawa mpaka siku tulipoketi mezani katika nyumba moja mjini Beijing, katika nchi ya Uchina.

Mwenye nyumba alikuwa mwalimu mzee aliyekwisha acha kazi kwa umri. Binti yake alijifunza Kiswahili chuoni, naye ndiye aliyekuwa mkalimani wetu. Sisi tulijitayarisha kwa kadiri tulivyojua. Tulivua viatu mlangoni, na zawadi yetu ya kahawa tuliitoa kwa mikono miwili, maana huko kutoa kwa mikono miwili ni kumheshimu mtu. Mzee aliikataa mara mbili. Ya tatu akaipokea, akaiweka kando asiifungue. Hatukushangaa, kwa kuwa tulikwisha ambiwa ya kwamba kukataa kwanza ni adabu, na kuifungua zawadi mbele ya mgeni kwaweza kuonekana ni uroho. Tukaketishwa mahali panapoelekea mlango, ndipo mahali pa heshima. Tulipousifu upishi wa mama, alijibu kwa lugha yao neno ambalo maana yake ni "Wapi, wapi!" Tukacheka, maana hata kwetu mtu husema "Wapi!" akikana jambo.

Kwa Wachina kila mtu ana bakuli lake la wali, na vitoweo huwekwa katika sahani katikati ya meza, wote wakachukua humo kwa vijiti. Nasi tulilelewa katika shule ya bweni, tukafundishwa kwamba kubakiza chakula ni kumdharau mpishi na kuikufuru neema ya Mungu. Basi kila sahani iliyosogezwa kwetu tuliimaliza. Mama akaondoka, akaleta nyingine. Nayo tukaimaliza, ingawa tumbo lilikwisha jaa. Mara ya tatu alivaa koti, akatoka nje usiku ule wa baridi kali, akarudi na bata wa kuokwa aliyemnunua dukani. Tukajikaza, tukamla, tukidhani twamheshimu.

Siku ya pili binti alitujia. "Mwalimu," alisema kwa upole, "mama hakulala vizuri. Alidhani ameshindwa kuwashibisha." Ndipo alipotueleza. Bakuli lako mwenyewe lisibaki hata punje, kwa maana punje ile ni jasho la mkulima. Lakini sahani za katikati zikiwa tupu, mwenyeji huona kwamba hakupika vya kutosha. Wachina huiita heshima ya mtu mbele ya watu "uso" wake. Na mama yule alijiona amepoteza uso mbele ya mgeni aliyetoka mbali.

Tuliona haya sana. Tulikuwa tumemtoa mama mzee nje katika baridi, na kumtumisha fedha zake, kwa ajili ya adabu yetu wenyewe.

Desturi hiyo nayo yabadilika. Mwaka 2013 Wachina walianza kuhimizana wasibakize chakula, na mwaka 2021 ilitungwa sheria ya kuzuia kupoteza chakula ovyo. Mikahawani ni jambo la kawaida mtu kufungiwa mabaki aende nayo kwake. Lakini katika nyumba za wazee mgeni hana budi kutazama kwanza.

Kabla hatujaondoka Beijing tulialikwa tena. Tuliumaliza wali wetu, tukabakiza kidogo katika kila sahani, tukalaza vijiti mezani. Hatukuvisimika katika wali, maana ndivyo udi unavyosimikwa mbele ya wafu. Mama akasema, "Hamkula kitu." Tukajibu, "Tumeshiba, mama." Akatutazama, akatabasamu, akaketi. Ndiyo mara ya kwanza tulipomwona ameketi mezani nasi mpaka mwisho.

Basi, ndugu msomaji, ukijaliwa kusafiri, adabu uliyofundishwa kwenu usiitupe. Lakini kabla ya kuitumia kwa watu, uliza kwao yaeleweka namna gani. Sisi tungaliuliza mapema, mama yule asingalitoka usiku.