Tangi Kuukuu la Samaki na Somo Lisilokuwa Katika Andalio

Tulipokuwa chuoni tulifundishwa kwamba zana bora ya kufundishia ni ile inayotoka katika mazingira ya mwanafunzi. Shule yetu ya kwanza ilikuwa katika pwani ya Tanga, karibu na ufuko kiasi cha kusikia mawimbi darasani. Hata hivyo, kwa miaka miwili tulifundisha habari za viumbe wa baharini kwa michoro ya ubaoni, hali wanafunzi wetu waliwavua viumbe hao hao kila Jumamosi. Tulipopata habari kwamba mtu mmoja mjini anauza tangi lake la kioo kwa bei nafuu, pamoja na pampu ya hewa na kichujio, tuliona kuwa aibu yetu imepata dawa.

Tangi lilikuwa kuukuu. Urefu wake ulikuwa sentimita 90, upana 30 na kina 40. Tuliwapa darasa la sita kazi ya kukokotoa ujazo, wakapata lita 108. Na kutokana na jibu hilo wakabaini wenyewe kwamba meza yetu mbovu isingehimili uzito unaozidi kilo mia. Tukajenga kitako cha matofali. Kisha tulilijaza tangi maji ya kisima uani, tukaliacha usiku kucha. Asubuhi tulikuta pembe moja inavuja. Gundi mpya ya silikoni haishiki vema juu ya gundi ya zamani, kwa hiyo ilitubidi kukwangua kwa wembe gundi yote ya ndani, kupaka upya, na kungoja siku kadhaa hadi harufu yake ya siki iishe. Ukoga wa chokaa tuliusugua kwa siki, wala si kwa sabuni, maana mabaki ya sabuni hudhuru samaki. Pampu tuliiweka juu ya usawa wa maji, ili umeme ukikatika maji yasirudi nyuma katika mpira wake na kuiharibu.

Mpaka hapo kazi ilikwenda vizuri. Kosa letu lilikuja baadaye, nalo lilitokana na tamaa ya kusifiwa. Siku ya Wazazi ilikuwa imekaribia. Tulichota maji ya bahari kwa madumu wakati wa maji kujaa, tukatandaza mchanga, na siku ya pili yake tukatia samaki sita wadogo wenye milia, waliokamatwa katika madimbwi ya miamba. Wazazi walifurahi, wageni walitusifu, na kila aliyepita alitupia samaki chakula. Siku ya tano tulikuta samaki wanne wamekufa.

Msichana mmoja wa darasa la sita alisimama mbele ya tangi, akauliza, "Mwalimu, maji masafi namna hii yamewauaje?"

Tunakiri kwamba jibu la uongo lilikuwa tayari mdomoni: kwamba samaki wale walikuwa wagonjwa tangu walipokamatwa. Hakuna ambaye angetubishia. Lakini maji yalikuwa maangavu mbele yetu sote, na swali lilikuwa la haki. Tulimjibu, "Hatujui, mwanangu. Tuliloharakisha ni letu sisi, si la samaki. Tutafute sababu pamoja." Siku hiyo hiyo samaki wawili waliosalia walirudishwa katika miamba yao.

Sababu tuliipata kwa kusoma na kwa kumwuliza yule aliyetuuzia tangi. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu isiyoonekana kwa macho. Bakteria wa aina moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Na bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, yenye madhara madogo, ambayo hupunguzwa kwa kubadilisha sehemu ya maji. Bakteria hao hukaa katika mchanga, mawe na kichujio, na huhitaji wiki kadhaa kuongezeka hadi watoshe. Sifongo ya kichujio chetu ilikuwa imekaa kavu ghalani kwa muda mrefu. Tulinunua kifaa, uhai uliokuwa ndani yake ulikwisha kufa zamani.

Basi tulianza upya. Tulitia kipande kimoja cha kamba ili kioze na kuwalisha bakteria, na kwa vipimo vya matone tulivyoazimwa, wanafunzi waliandika hali ya maji katika jedwali la ukutani. Amonia ilipanda, kisha ikashuka. Nitriti ikafuata njia hiyo hiyo. Mwishowe ikabaki nitrati peke yake. Kazi hiyo ilichukua wiki sita. Watu waliopita dirishani walicheka kuona walimu wanafuga maji matupu.

Katika wiki hizo wanafunzi walitufundisha pia. Maji yalipopungua kwa jua, tulitaka kuongeza maji ya bahari. Mvulana mmoja, ambaye wazazi wake hufanya kazi katika majaruba ya chumvi, alitukataza. "Maji ndiyo yanayoondoka, Mwalimu," alisema. "Chumvi inabaki." Tukaongeza maji baridi, kama alivyosema. Na umeme ulipokatika mchana mmoja, baada ya samaki wa kwanza kutiwa, watoto walipokezana kuchota maji kwa kata na kuyamimina tena kutoka juu ili yapate hewa, mpaka pampu ilipoanza kuvuma.

Ndugu walimu wanafunzi, vifaa vikuukuu vitawapunguzieni gharama. Havitawapunguzieni siku za kungoja. Lijaribuni tangi kwa maji kabla ya kuliamini. Tieni samaki mmoja, mngoje, ndipo mtie wa pili. Wahenga walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu, nasi tulilipa samaki wanne ili tuyaelewe maneno hayo. Lakini lililotunufaisha zaidi halikuwa katika andalio letu la somo. Tangu tulipokiri mbele ya darasa kwamba hatujui, wanafunzi wetu waliacha kuogopa kusema kwamba wao nao hawajui. Yule msichana ndiye aliyelitunza jedwali kwa mkono wake, na siku samaki wa kwanza alipotiwa, yeye ndiye aliyelishika chombo.